Kuku Aliyegeuka Ukurasa: Mazungumzo na Wanaojiandaa Kuwasilisha Tasnifu

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu mlioketi mbele, na ninyi wadogo zangu na wanangu, ambao wengine nawaona mmekuja na kompyuta mgongoni kana kwamba mkitoka hapa mnapitiliza kuprinti: hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga tasnifu kwa ajili ya kuwasilisha. Aliyenitambulisha amenipamba sana, ila amesahau kuwaambia kwamba mimi sina shahada. Nina cheti cha uhazili cha enzi za taipureta, na chumba kimoja cha steshenari njia ya Changanyikeni, chenye kompyuta tatu, mashine ya kopi na feni inayozunguka inapotaka. Kwa miaka zaidi ya ishirini tasnifu zimepita mikononi mwangu kabla hazijamfikia mtahini. Za sheria, za jiolojia, za fasihi. Nyingi sizielewi. Lakini nikifungua faili tu najua mwenyewe amekesha siku ngapi, na kama alianza kwa utaratibu au alikuwa anakimbizwa.

Hilo la shahada silionei haya, kwa sababu nina mwenzangu. Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kilikuwa na mama mmoja, Kate Turabian, aliyekuwa katibu wa tasnifu tangu 1930 hadi 1958. Tasnifu za chuo kizima zilipita mezani kwake kabla ya kupokelewa, na yeye mwenyewe hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1937 aliyakusanya maelekezo yake katika kijitabu cha wanafunzi wa palepale. Kijitabu kikanenepa, kikavuka mipaka, na leo humu ndani huenda wapo wanaoambiwa na idara zao wafuate mtindo wa Turabian bila kujua kwamba Turabian ni jina la mtu aliyekuwa akikaa dirishani na kurudisha kazi za watu. Huwa namfikiria sana mama yule, hasa mwezi wa tisa, foleni ikifika barabarani.

Nina neno moja tu, mengine yote ni matawi yake. Kompyuta haioni. Wewe ukiandika SURA YA PILI, ukaikoleza, ukaikuza kutoka 12 hadi 14, ukaisukuma katikati ya mstari, unaona kichwa cha sura. Kompyuta inaona maneno manene yaliyokaa katikati. Haijui kwamba hicho ni kichwa, haijui kwamba chini yake kuna vijisehemu 2.1 na 2.2, na ukiiuliza sura ya pili iko ukurasa wa ngapi haina jibu. Mpaka uiambie.

Nitawapa kisa. Kijana mmoja wa uzamivu alinijia Alhamisi, saa mbili usiku, na mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Shikamoo mama, marahaba, akakaa. Kurasa 287. Orodha ya yaliyomo alikuwa ameiandika kwa mkono, maana yake jina la sehemu, halafu nukta, nukta, nukta, anazibonyeza moja moja mpaka ukingoni, halafu namba. Nukta hazikulingana, kwa hiyo alikuwa akiongeza nafasi hapa, akipunguza pale, kama fundi anayeweka vijiti chini ya meza inayoyumba. Ilikuwa imemchukua siku mbili, na kwa kweli ilikuwa imependeza. Kisha msimamizi akamrudishia sura ya tatu akitaka aya moja iongezwe juu ya sampuli. Aya moja tu. Kila kitu baada ya ukurasa wa 94 kikasogea, na orodha nzima ikawa ya uongo.

Tulifanyaje? Tuliifuta yote. Nikarudi mwanzo wa faili, nikakipitia kila kichwa, vilikuwa mia na kitu, nikikipa staili yake: hiki kichwa cha daraja la kwanza, hiki cha pili, hiki cha tatu. Zile staili ziko juu ya kioo kila siku, mnazipita kama bango la barabarani. Ilinichukua saa moja na dakika chache. Mwishoni nikaiamuru kompyuta itengeneze orodha, ikaitengeneza kabla kijana hajamaliza kufungua soda yake. Alinyamaza kwa muda. Nadhani alikuwa anazihesabu zile siku mbili.

Kama angezitumia staili tangu siku ya kwanza ya pendekezo la utafiti, saa ile ya kazi nisingeipata mimi. Najua nikiwafundisha haya nawafukuza wateja wangu. Potelea mbali, umri umekwenda na macho yamechoka.

Kuna kitufe kimoja nawaomba mkakibonyeze leo usiku. Kiko juu, kwenye menyu ya mwanzo ya programu ya kuandikia, kina alama kama herufi P iliyogeuziwa kisogo. Kukibonyeza hakuharibu kitu. Kinaonyesha tu yale mliyoyaficha. Kila mlipopiga spesi itatokea nukta ndogo. Kila mlipopiga enta itatokea ile P. Hapo ndipo mtakapoona kwamba ukurasa wa tabaruku, ule wa kumtunukia mtu kazi yako, mliushusha katikati kwa enta kumi na nne, na kwamba sura mpya inaanza ukurasa mpya kwa sababu mmepanga foleni ya enta tupu chini ya sura iliyopita. Tabia hiyo tuliirithi kutoka taipureta, ambayo haikuwa na njia nyingine. Mashine ile ilikuwa inapiga herufi papo hapo kwenye karatasi, ikimaliza imemaliza. Siku hizi ukifuta sentensi mbili juu, foleni ya enta inapanda, na kichwa cha sura ya nne kinajikuta peke yake mguuni mwa ukurasa. Kikomo cha ukurasa kipo: Kontroli na Enta kwa pamoja. Basi.

Namba za kurasa ndizo zinazoleta machozi. Vyuo vingi vinataka kurasa za awali zipewe namba ndogo za Kirumi: ikirari na hakimiliki, tabaruku, shukurani, ikisiri yaani muhtasari wa kazi, yaliyomo, orodha ya majedwali, vifupisho. Ukurasa wa jina la tasnifu unahesabiwa lakini hauandikwi namba. Kisha Sura ya Kwanza inaanza na 1 ya kawaida. Watu wakishindwa hugawa kazi katika mafaili mawili, la Kirumi na la kawaida, halafu wanashangaa orodha ya yaliyomo haizioni sura. Itazionaje, na ziko nyumba nyingine?

Faili liwe moja, ila lenye vyumba. Weka kielekezi mwisho wa kurasa za awali, nenda kwenye menyu ya mpangilio wa ukurasa, chagua kikomo cha sehemu, kile kinachoanzia ukurasa mpya. Vijana wangu dukani wanakiita seksheni breki. Si kikomo cha ukurasa, hivyo ni vitu viwili. Kisha bonyeza mara mbili chini ya ukurasa wa Sura ya Kwanza, pale namba inapokaa, uzime kitufe kinachokiunganisha chumba hiki na kilichotangulia. Watu tisa kati ya kumi wanaokuja kwangu wamekosea hapo tu. Ukishakata ule uzi, kila chumba kinapokea amri zake: kile Kirumi, hiki kianze na 1.

Ujanja huohuo ndio wa majedwali mapana yanayohitaji karatasi iliyolazwa: chumba chake peke yake, kikomo kabla na kikomo baada. Na kumbuka karatasi iliyolazwa ikijalidiwa, upande wake wa juu ndio unaoingia kwenye mgongo wa kitabu. Pambizo pana, yaani ule ukingo mtupu usioandikwa, liende juu, siyo kushoto.

Nimegusa pambizo, basi twende kwa mjalidi. Mwongozo wa chuo chako ndio sheria yako, uuchukue ofisini, usiuchukue kwa rafiki aliyemaliza miaka sita iliyopita. Lakini kwa kawaida utakuta sentimita 4 kushoto na 2.5 pande nyingine. Wanafunzi wanaziona zile 4 kama ubadhirifu wa karatasi. Njoo umtazame mjalidi anavyofanya kazi. Anagonga rundo la karatasi mezani mpaka ziwe sawa, anazitoboa kandokando ya mgongo, anazifunga kwa uzi, anapaka gundi, anazibana kwenye shinikizo. Halafu anakata kingo tatu zilizobaki ili zing'ae. Kwa hiyo kushoto kunamezwa, na pande nyingine zinapunguzwa kidogo. Hakuna upande unaobaki kama ulivyouprinti.

Kuna mwanafunzi aliyepunguza pambizo la kushoto hadi sentimita 1.5 ili kuokoa kurasa. Nilimwonya, akasema chuo hakitapima kwa rula. Kikapima au hakikupima sijui, lakini nakala ilipojalidiwa mwanzo wa mistari ulizama kwenye mgongo. Nikaifungua katikati, nikakuta mstari ulioanza na “hakuna uhusiano kati ya kipato na...” ukisomeka “kuna uhusiano”. Ile “ha” imemezwa. Matokeo ya utafiti wa miaka miwili yamegeuzwa na gundi.

Karatasi nayo. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Kompyuta nyingi, hasa zilizoandaliwa kwa ajili ya Marekani, zinakuja zimewekewa karatasi ya kwao, ambayo ni fupi kuliko yetu kwa takriban milimita 18 na pana kwa karibu 6. Kwenye kioo huoni tofauti. Ukija kuprinti, ama mashine inapunguza maandishi ili yaenee, ama unabaki na uwazi wa ajabu chini, na ukiibadilisha usiku ule kurasa zote zinahama. Itazame siku ya kwanza, ni kazi ya sekunde tano.

Kuhusu fonti sina mengi. Times New Roman ya 12, nafasi mbili kati ya mistari, ndivyo wengi mnavyoambiwa. Fonti hiyo ilibuniwa kwa ajili ya gazeti la London, The Times, likaanza kuitumia mwaka 1932, na gazeti lina safu nyembamba, kwa hiyo herufi zikabanwa ili ziingie nyingi. Kwenye A4 yenu mstari mmoja unabeba herufi zaidi ya sabini, na jicho la mtahini likirudi kushoto linapotea njia. Ile nafasi mbili ndiyo inayomshika mkono. Zamani ilikuwa pia ya kuandikia masahihisho kwa kalamu, na bado wapo wanaoandika humo, tena kwa wino mwekundu.

Sasa niseme na wale wanaoandika kwa Kiswahili, kwa sababu programu hizi hazikutengenezwa na mtu aliyekuwa anatuwaza sisi. Mwanaisimu anaorodhesha mifano yake: (a), (b), akifika (c) kompyuta inamgeuzia kuwa alama ya hakimiliki, ile c ndani ya duara. Nimeona tasnifu ya sintaksia yenye hakimiliki arobaini. Ingia kwenye orodha ya masahihisho ya moja kwa moja uifute hiyo amri. Halafu yale maneno yetu marefu. Ukinyoosha kingo zote mbili, na mwisho wa mstari likaja neno kama “yatakayowasababishia”, kompyuta haiwezi kulikata, inalishusha zima, na mstari wa juu unabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Chuo kikikuruhusu, nyoosha kushoto tu. Kisipokuruhusu, washa ukataji wa maneno na uyapitie kwa macho, kwa sababu ikidhani maandishi ni ya Kiingereza itayakata mahali ambapo silabi ya Kiswahili haikatwi. Na “uk. 45” isiachwe itengane, “uk.” huku na 45 mstari wa chini: kati yake piga Kontroli, Shifti na Spesi kwa pamoja, vitakwenda vyote kama mtu na kivuli chake.

Hapa ndipo ninapowaungamia dhambi yangu, maana mjue hata sisi wazee wa kazi tunaanguka. Dada mmoja alikuwa ameandika juu ya taswira ya kuku katika methali. Kazi nzuri, niliisoma kwa kuipenda. Msimamizi wake akataka kila penye “uk” paandikwe “ukurasa” kwa kirefu. Ilikuwa jioni, umeme ulikuwa umekatika mara mbili, nikaona nitumie tafuta na ubadilishe: tafuta “uk”, weka “ukurasa”, badilisha zote. Nikabonyeza. Ikaniambia imebadilisha mahali elfu mbili na zaidi, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi kwamba mashine ina bidii. Asubuhi nikafungua. “Kukurasau mgeni hakosi kamba mguuni.” Kila kuku katika tasnifu ile alikuwa amemezwa na ukurasa. Ukweli umekuwa “ukurasaweli”. Ukoo umekuwa “ukurasaoo”. Nilikuwa nimeshahifadhi faili na kulifunga, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Kilichoniokoa ni nakala ambayo yule dada alikuwa amejitumia mwenyewe kwa barua pepe siku iliyotangulia. Tangu hapo sibadilishi zote bila kutafuta neno zima pamoja na nukta yake, na kila jioni naweka nakala yenye tarehe. Flashi peke yake si nakala. Nimeona flashi zimesahauliwa kwenye daladala, nimeona flashi zimeingiwa na virusi mafolda yote yakageuka njia za mkato zisizofika popote.

Marejeleo nitayapita haraka. Tumieni Zotero au Mendeley, programu za kutunza vyanzo na kupanga marejeleo, ni bure, na anzeni kuweka vyanzo tangu makala ya kwanza mnayosoma. Ila msiziamini kama Msahafu. Zikiachwa zitaunganisha waandishi wawili kwa neno la Kiingereza katika tasnifu ya Kiswahili, badala ya “na”, na zitapindua majina ya watu wetu wenye majina matatu. Halafu jueni mnafuata toleo lipi. APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, toleo la saba, la 2019, linaweka namba na jina la kielelezo juu yake; toleo la sita lilikuwa linaweka chini. Mwanafunzi ananakili mpangilio wa tasnifu ya kaka yake, mtahini anashika toleo jipya, wote wawili wana haki na anayerudishiwa kazi ni mwanafunzi.

Kabla ya kuprinti, angalia kama maoni ya msimamizi yamefutwa. Si kufichwa, kufutwa. Nimeshaprinti nakala ambayo pembeni ya ukurasa wa hitimisho kilitoka kiboksi kimeandikwa “Hapa unasema nini?” Mwenyewe alikuwa anaendelea kuitafuta hela mfukoni. Na niletee PDF, usiniletee faili la kuandikia. Faili la kuandikia likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako linavaa fonti jirani, kurasa zinaongezeka, na orodha ya yaliyomo inaanza kusema uongo tena.

Mara nyingine mtu ananiambia, mama, hapa pamepungua, niongezee aya mbili. Hapana. Mimi napanga, siandiki. Ikirari iliyoko mbele inasema kazi ni yako, na chini yake kuna saini yako, siyo yangu.

Mwisho ni jalada. Nakala za mtahini huwa za ringi au jalada jepesi. Baada ya utetezi na masahihisho ndipo linapokuja jalada gumu, la rangi ambayo chuo chako kimeitaja, na maandishi ya dhahabu mgongoni: jina, shahada, mwaka. Mjalidi ninayempelekea kazi anapanga herufi za chuma moja moja, kinyumenyume, anazipasha moto, anazigandamiza juu ya karatasi ya dhahabu. Ikishakaa haifutiki, kosa la herufi moja ni jalada jipya. Kwa hiyo hapokei jina kwa mdomo, wala kwa ujumbe wa simu. Anakupa kipande cha karatasi na kalamu, uandike mwenyewe kwa herufi kubwa, jina kama lilivyo kwenye usajili wako wa chuo. Nilikuwepo siku mama mmoja wa uzamivu alipoandika jina la mumewe, akalitazama, akakumbuka kwamba alisajiliwa kwa la baba yake. Akaomba karatasi nyingine.